Kusimamia kwa Macho

Tangazo lilisomwa kwa kipaza sauti sokoni Kalamba: kwa mujibu wa Katiba, na kwa mara ya kwanza katika historia ya mto huu, wananchi wenyewe wangesimamia mazungumzo ya mkataba wa maji kati ya serikali mbili za kaunti. Msomaji alikuwa Mulei, Mkurugenzi wa Uwazi. Alilisoma mara mbili kwa sababu lilimpendeza.

Siku ilipofika, wajumbe walijifungia katika ukumbi ulio karibu na mto, mapazia yakashushwa. Wasimamizi, yaani wananchi, wakaketishwa hemani nje.

"Mkurugenzi, huko ndani wanaongea nini?" aliuliza Kavata, ambaye shamba lake la sukuma wiki ukingoni lilikuwa limeliwa na mbuzi juzi.

"Hiyo ni siri, mama. Ikitoka, uwazi utavurugika."

"Asi! Sasa sisi tunasimamia nini?"

"Mlango."

Mulei hakuwa anatania. Mlango huo aliupigania. Mwenzake wa kaunti ya ng'ambo ya mto alitaka wananchi wasimamie ukuta.

Kando ya Kavata aliketi Ismahan, mfanyabiashara aliyekuwa akitoa mbuzi Kitui, ng'ambo ya mto, na kuwauza Kambu. Mbuzi wake ndio waliolila shamba. Wanawake hao wakanuniana mpaka joto likawachosha.

"Mbuzi wako wamenimaliza," Kavata akaanza.

"Najua, dada, pole sana. Lakini wana kiu, na njia ya kufika majini ni hiyo moja. Niwapitishe wapi?"

"Iko ya juu, kwa mawe. Imezibwa na miiba tu."

"Nikiifungua?"

"Ukiifungua, na uniletee samadi, mimi sina neno na wewe."

Mulei aliruka kitini. "Akina mama! Mnajadiliana bila idhini!"

Wakamwomba radhi kwa heshima zote. Kisha hema zima likainuka, likatafuta mapanga, likaenda kufyeka miiba. Mulei akabaki akisimamia viti.

Saa kumi mlango ulifunguka. Wajumbe walitoka wakikumbatiana: hatimaye walikuwa wameafikiana ni jina la kaunti gani litangulie kwenye mkataba. Mwenyekiti wao akaangaza macho akitafuta wa kumshangilia.

"Umma uko wapi?"

"Uko… nyanjani, mheshimiwa," Mulei akasema, akawaongoza kwenda mtoni.

Huko mbuzi walikuwa wakiteremka kwa njia ya mawe, sukuma iliyobaki ikiwa salama. Watu wa ng'ambo zote mbili walikuwa wameketi kwenye miamba, wakipangiana zamu za kuifyeka njia kila mvua ikinyesha. Walibishana kwa sauti, kila mtu akisikia. Mwenyekiti alijaribu kukatiza, hakuna aliyegeuka. Ikabidi ainue mkono.

"Karibuni, waheshimiwa," Ismahan akasema kwa upole. "Ketini hapo mchangani. Maoni ya umma tutayachukua mwishoni."

Wajumbe wakaketi, suti na yote. Mulei, kwa mazoea, akapiga makofi.