Shairi Langu la Mawe Meusi

Jumapili, 3 Machi
Kosa la wengi: hulisoma shairi kana kwamba ni maelezo ya picha. Sivyo. Picha huonyesha kilichoonekana. Shairi husema kilichonyamaziwa. Viweke bega kwa bega, utauona mji wenyewe: nani hushiba, nani huinama. Miaka thelathini na moja nimefundisha hivyo hapa Sariakandi. Hakuna aliyeelewa.

Maktaba inataka shairi la kutundikwa kando ya picha. Moja tu! Mshairi atalisoma Ijumaa mbele ya watu. Picha ni nyeusi na nyeupe: mwanamke ameinama kwenye uwanja uliojaa mawe meusi, machozi yanamtiririka. Ardhi imekufa, anaiomboleza. Niliona mara moja.

Jumanne, 5 Machi
Beti tano tayari. Kumbe Khaleque, mfamasia mstaafu, naye ameandika. Juu ya pilipili! Nikamwuliza pilipili ameziona wapi. Akasema alikwenda kuuliza. Tangu lini mshairi akauliza?

Nikampelekea mkutubi chungu cha mtindi mtamu wa Bogura. Akasema shairi hajalisoma, ila mtindi ni wa kiwango, na nafasi ni yangu.

Ijumaa, 8 Machi
Watu sabini. Nikasoma kwa sauti ya kutetemeka. Kufika "mawe yasiyozaa", mwanamke wa mstari wa nyuma akaangua kicheko. Ndiye wa pichani! Jobeda, mwanika mazao wa ng'ambo ya tuta la mto. Akasema, mwalimu wangu, mawe gani tena, hizo si pilipili zangu? Mwaka ule zilijaa hadi tukakosa pa kukanyaga. Na machozi ni ya kuwashwa. Hata wewe ungelia. Akauliza kama kwangu mchuzi haupikwi. Ukumbi mzima hoi!

Khaleque hakucheka. Alinipa leso. Hilo liliuma zaidi. Mkutubi akalishusha shairi langu, akatundika lake.

Jumamosi, 9 Machi
Nimetafakari kwa utulivu. Kosa ni la picha kukosa rangi. Tena ni la Jobeda: mtu akishapigwa picha, ukumbini anafuata nini?

Mkutubi amenionea huruma, amenipa picha nyingine. Mzee kasimama mtoni, maji kifuani. Anaaga dunia. Bayana kabisa. Khaleque akanishauri niende kivukoni, mzee mwenyewe yupo, nimwulize. Nikamshukuru. Beti nne tayari.

La kufanya leo: maliza ubeti wa tano kabla mzee huyo hajaonekana sokoni.