Mbwa Mwitu Mezani

Jumapili, 12 Oktoba

Nimepona kwa leo! Ami Mutlaq, mwenye mkahawa huu, alitaka kuamua papo hapo nani apande ghorofani kupokea wageni wa Kiingereza, na nani abaki uani kusugua jamidi, yale mabonge ya maziwa makavu yanayotengenezewa mchuzi wa mansafu, wali wetu wa nyama ya kondoo. Magumu kama mawe. Nimeyasugua mpaka alama za vidole zimefutika. Bahati simu yake ikalia. Akasema ataamua Alhamisi, mgeni mkubwa akishakula.

Mshindani wangu ni binamu yangu Taysir. Mjuaji wa kila kitu. Leo, mbele ya wapishi, kaniuliza Waingereza wana maneno mangapi ya kula. Nikamjibu moja, "eat", ndilo tulilofundishwa shuleni. Akacheka mpaka akashika meza. Eti redioni wamesema kila namna ya kula ina neno lake, na mimi nitawakaribisha wageni kama anayeingiza punda zizini. Wapishi nao wakacheka! Ngoja.

Jumatatu, 13 Oktoba

Mwalimu Widad, jirani wetu wa ghorofa ya juu nyumbani, mstaafu wa Kiingereza, kakubali kunifundisha nikimpandishia mtungi wa gesi. Mgongo wangu! Lakini Taysir hakudanganya. Kudonoa kama kuku, "peck". Kuguguna kama panya, neno jingine. Kutafuna kwa kelele, jingine. Kufakamia kama bata mzinga, jingine tena. Wana maneno yote haya, wanakula saa ngapi watu hawa?

Nilikuwa nimeshakata tamaa, ndipo akataja "wolf". Niliruka! Mbwa mwitu! Hapa Karak ukimwita mtu mbwa mwitu umemvika taji. Babu, Mungu amrehemu, aliniita hivyo mara moja, nikatembea kifua mbele mwezi mzima. Basi hilo ndilo neno. Sikusubiri maelezo. Mwalimu alikuwa bado ananiita kutoka juu ya ngazi, nikamwambia yatosha mama, nimeelewa.

Jumatano, 15 Oktoba

Mpango kabambe. Kumbe Taysir amesikia tu kwamba maneno yapo, lenyewe hata moja halijui! Nimepumua. Nikamvuta pembeni, nikamwambia damu ni nzito kuliko maji, binamu, shika siri hii: kwa Waingereza sifa kuu ni kumwambia mlaji kwamba anadonoa, "peck". Akanikumbatia. Akasema hakujua nina moyo mzuri hivi. Dhamiri ilinisuta kidogo. Nikala bajia ya falafeli, ikatulia.

Alhamisi, 16 Oktoba

Mgeni alikuwa Bi Winifred, mama mnene wa Kiingereza anayeandika vitabu vya safari. Akisifu mkahawa, mabasi ya watalii yanamfuata. Alikuja na mumewe na Nidal, mtembeza wageni wa hapa hapa Karak. Bibi akakunja mikono ya shati, akafinyanga tonge la wali kwa mkono wa kulia kama mtu wa kwetu, akabugia. Lingine. Lingine. Moyo wangu ukajaa. Nikasogea, nikainama, nikatamka kwa sauti ya harusini: "Madam, you wolf!"

Tonge likarudi kwenye sinia. Uso ukamwiva kama nyanya. Mumewe akainuka. Nidal akaninong'oneza akisaga meno: mwendawazimu wewe, umemwambia anakula kwa ulafi kama mnyama!

Nilitamani ardhi inimeze. Hapo Taysir akaona nafasi yake. Akanisukuma, akatabasamu, akamwambia: wewe bibi unadonoa tu, kama kuku. Bibi akamtazama. Akatazama sinia, nusu imeshakwisha. Ami Mutlaq akashika kichwa.

Nikamshika Nidal mkono. Nikamwambia, kwa jina la Mungu, mweleze! Mwambie kwetu mbwa mwitu ni shujaa, ni mtu asiyetetereka, hata marehemu babu yangu hakunipa jina hilo ovyo. Machozi yalinilenga, sifichi. Nidal akamtafsiria.

Bibi akaanza kutikisika. Nikadhani analia. Anacheka! Akacheka mpaka mtandio ukamdondoka. Akasema tangu aolewe mawifi zake wanamwomba ale polepole, na leo ndiyo mara ya kwanza mtu kuuita ulaji wake ushujaa. Akaagiza mansafu nyingine. Akaamuru mumewe naye amwite mbwa mwitu, na mzee wa watu akamwita. Maneno ya kuku hakuyagusa.

Ami katamka mbele ya wote: Ghalib, yaani mimi, juu, Taysir uani. Nilikaa kwenye ngazi nikalia kwa furaha kama mtoto. Nimeokoka!

Jioni Taysir kaja na swali. Kama kudonoa ndiyo sifa kuu, mbona sikuitumia mimi mwenyewe? Nikamwambia nilimwachia yeye, kwa mapenzi. Akanikumbatia tena. Maskini.

Ijumaa, 17 Oktoba

Nimeamka mwepesi. Nimevaa shati jeupe, vidole vinanukia sabuni badala ya jamidi. Sitaki makuu tena. Nitakaa ghorofani kimya, nibebe sinia, nitabasamu, basi.

Baada ya swala Ami katuita. Jumanne linakuja basi zima la Wajapani. Akasema atakayemwaibisha safari hii atasugua jamidi mpaka azeeke. Nani anajua Kijapani? Taysir akatazama viatu vyake, bwege yule. Mkono wangu ulikuwa juu Ami hajamaliza kuuliza. Nimemwambia nakijua vizuri tangu utotoni. Kilichobaki ni kujifunza.