Tandiko Hili Halinishindi

Jumamosi, 9 Agosti

Amefika! Farasi mzima, miguu yote minne. Kashushwa kwenye Fuso hapa Lizaboni saa nne asubuhi na mtaa wote ukatoka nje. Kinyozi alimwacha mteja na nusu kichwa.

Nimembadilisha na pikipiki yangu. Kuna Mzungu wa shamba huko Njombe anarudi kwao, na msimamizi wake alikuwa anatafuta pikipiki. Kila mtu kapata anachotaka isipokuwa Hilda. Anasema asubuhi alikuwa na mchumba mwenye kazi ya bodaboda, na mchana ana mchumba mwenye mnyama. Nimemwambia asubiri aone.

Mpango wenyewe ni huu. Jumamosi ijayo wazazi wake, Baba Romanus na Mama Kunegunda, wanatimiza miaka hamsini ya ndoa. Misa ya shukrani, kisha maandamano mpaka nyumbani kwao Bombambili, matarumbeta mbele. Baada ya sherehe hiyo Mama Kunegunda atasema kama ndoa yetu itangazwe kanisani mwaka huu au nizidi kusubiri. Ameshanisubirisha mara mbili. Mara ya kwanza kwa sababu ya kuku wa kisasa (walikufa). Mara ya pili kwa sababu ya bwawa la samaki (lilivuja, likaingia jikoni kwake). Hii ni mara ya tatu, na Hilda kasema hapatakuwa na ya nne. Nampenda Hilda, basi hii lazima ifanikiwe.

Sasa, juu ya kabati la Mama Kunegunda kuna picha ya Mtakatifu Martino juu ya farasi. Ameipenda tangu utoto. Atarudi nyumbani kama Mtakatifu Martino! Nani mwingine anaweza kumfanyia hivyo? Remmy? Remmy ana Noah tu.

Remmy ni mume wa Getruda, dada yake Hilda. Mwalimu. Huosha gari hata siku ya mvua. Huniita mdogo wangu, na mimi nimemzidi miezi minne.

Farasi nimempa jina Kanali.

Jumapili, 10 Agosti

Tandiko ni la ngozi, zuri sana. Mkanda wake wa tumbo umeliwa na panya. Si kitu. Nina mipira yangu ya pikipiki, ile ya kufungia mizigo. Kwa mipira hii nimebeba magunia ya mahindi kutoka Mpitimbi, vitanda, kabati la vyombo, na nguruwe aliye hai. Hakuna kilichowahi kuanguka. Isipokuwa nguruwe.

Nikafunga kama ninavyofunga siku zote. Nikapanda baada ya misa ya pili, watu wakiwa wametoka wote. Hatua sita. Tandiko likaenda kushoto taratibu, na mimi juu yake, mpaka nikajikuta naangalia tumbo la Kanali kwa chini. Nikawaambia watu nakagua kwato.

Remmy akapunguza mwendo, akashusha kioo, akaniuliza kama nahitaji lifti. Kisha akapandisha kioo kabla sijajibu.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimefikiri usiku kucha. Tandiko linaangukia kushoto. Kwa hiyo kulia ni kwepesi. Hesabu ya darasa la tatu! Nimefunga tofali upande wa kulia.

Limeangukia kulia. Tofali limetangulia, likanishukia kwenye kidole gumba.

Abdulhamid, fundi viatu wa ng'ambo ya barabara, alikuwa anatazama tangu mwanzo huku anashona kandambili. Ni Myao wa Nalasi, mtani wetu sisi Wangoni, kwa hiyo hana haya. Akaja bila kuitwa. Akasema babu yake alifuga punda, na mnyama akiona anafungwa hujaza tumbo upepo. Ukimaliza kufunga anautoa, na kila kitu kinalegea. Ningoje kidogo, nikaze tena. Na hii mipira niitupe, maana kazi ya mpira ni kuvutika. Yeye atanishonea mkanda wa ngozi.

Nimemcheka. Nikamkumbusha kwamba huyu ni farasi, siyo punda. Akasema sawa, mtani, akarudi kwenye kandambili. Najua anachotaka. Anatafuta njia ya kuingia kwenye pilau la Jumamosi.

Jumanne, 12 Agosti

Nimegundua chanzo. Kanali ni mnene, mviringo kabisa. Pumba za mahindi hizo. Nimemnyima pumba tangu alfajiri ili apungue.

Saa nne kala mboga za jirani. Saa sita kala ufagio. Saa tisa nilianika suruali yangu ya jubilei, ile ya kijivu. Sasa nina kaptula ya kijivu.

Hajapungua.

Jumatano, 13 Agosti

Asali!

Kitu chenye kunata kikiwa kati ya mgongo na tandiko, tandiko litakwenda wapi? Nimepaka chupa nzima. Nikafunga mipira, nikapanda, nikazunguka mtaa. Halikusogea! Nikampungia mkono kinyozi. Nikampungia mkono Abdulhamid, kwa makusudi.

Dakika tano. Kisha nyuki.

Sikujua Kanali anaweza kukimbia hivyo. Tumepita sokoni, yeye juu, mimi chini ya tumbo nimekumbatia. Aliyemsimamisha ni Abdulhamid, kwa kusimama tu barabarani na kushika gunzi la mahindi. Akarudia habari zake za upepo na kukaza mara mbili. Nikajifanya sisikii. Jicho langu la kushoto limefumba mpaka sasa, na mdomo umevimba hadi Hilda kanipita bila kunitambua.

Alhamisi, 14 Agosti

Suluhisho ni wingi. Nimeongeza mipira kutoka minne hadi kumi na minne. Kanali amefungwa kama gunia la mkaa. Ananitazama vibaya.

Mama Kunegunda katuma swali kupitia Hilda, je, mnyama huyo anaaminika? Kila kitu hupitia kwa Hilda. Kwetu mama mkwe ni heshima kubwa. Hatuongei uso kwa uso, hatukai meza moja, na kumgusa ndiyo kabisa usiseme. Tangu nipeleke posa miaka miwili iliyopita namsalimia nikiwa nyuma ya ukuta wa jiko. Nimemjibu kupitia Hilda kwamba Kanali anaaminika kama huo ukuta.

Hilda akaniuliza mimi mwenyewe naamini hivyo. Macho yake yalikuwa na machozi. Nikasema ndiyo. Nilisema kwa sauti kubwa kuliko nilivyokusudia.

Remmy naye kajipeleka na Noah yake, eti ataifunga maua. Mama kajibu kwamba Noah kila mtu anapanda. Ushindi!

Ijumaa, 15 Agosti

Sikukuu ya Kupalizwa Bikira Maria. Baada ya misa nimefanya jaribio la mwisho. Nimechukua gunia la mahindi lenye uzito wa Mama Kunegunda (nimekisia kwa heshima), nikalifunga kitenge, nikalipandisha. Nusu saa nzima tandiko halikusogea hata inchi moja.

Kanali pia hakusogea hata inchi moja. Hilo haliharibu jaribio.

Abdulhamid alipita na kanzu anakwenda swala ya Ijumaa. Akalisalimia gunia, shikamoo mama. Watani hawa hawana adabu.

Jumamosi, 16 Agosti

Nianze na mazuri.

Misa ilikwenda vizuri. Kanali nilishamfunga nje ya kanisa, mipira yote kumi na minne. Akina mama wa jumuiya wakapanga kreti za soda, wakamsaidia Mama Kunegunda kupanda. Akakaa. Kilemba, kitenge cha dhahabu, mwavuli mkononi. Vigelegele! Alikuwa Mtakatifu Martino mtupu. Uso wake ulikuwa wa msichana mdogo, nami nikashindwa kujizuia, nikalia kwa jicho langu moja linalofunguka.

Baba Romanus akatangulia na fimbo yake. Mimi nikashika kamba upande wa kushoto. Remmy akajiweka kulia, eti kwa usalama. Akina mama wakaenda mbele kucheza. Matarumbeta yakalia.

Na Kanali akapumua.

Pumzi ndefu sana. Nililiona tumbo likishuka. Kuna kitu Abdulhamid aliwahi kusema kuhusu jambo hili, lakini haikuwa saa ya kukumbuka mambo ya punda. Tandiko likaanza kuja kushoto. Upande wangu! Taratibu, na mama mkwe wangu juu yake, mwavuli umesimama wima.

Haguswi! Nikarudi nyuma hatua moja. Mikono nyuma, macho chini. Wakati huohuo mpira mmoja ukakatika, ukarukia kwenye majani, nikawa nautafuta kwa macho. Mama akazidi kulala. Hilda alikuwa mbali mbele, hakuna wa kupitishia maneno. Basi mama akaniuliza mwenyewe, moja kwa moja, kama namwona anavyoanguka. Ni maneno yake ya kwanza kwangu uso kwa uso. Nikapaniki, nikamjibu shikamoo.

Remmy akazunguka mbio, akamdaka kiwiko. Mashangazi wakapiga kelele, mkwe kamshika mama mkwe! Remmy akashtuka, akaachia. Hapo ndipo mambo yalipoharibika zaidi, maana sasa mama alikuwa amelala kabisa hewani, mguu mmoja mbinguni.

Akatokea Abdulhamid kati ya watu, akamdaka, akamsimamisha chini kilemba kikiwa mahali pake. Kisha akatangaza kwa sauti kwamba amemwokota mama huyu barabarani, Wangoni wameshindwa kumtunza, kuanzia leo ni mali ya Wayao, na Baba Romanus atafute mke mwingine. Baba Romanus alicheka mpaka akashika ukuta wa kanisa. Mama Kunegunda alicheka kuliko wote.

Mtani akishika kitu chako, unakomboa. Akapewa jogoo, akakataa. Akataka tandiko. Huwezi kumkasirikia mtani. Akakata mipira mitano kwa kisu chake cha viatu, mingine ikajifyatukia yenyewe, akaondoka na tandiko kichwani huku anaimba. Pilau pia alikula, sahani tatu.

Mama alirudi nyumbani kwa miguu yake, akicheza. Mimi sikuingia ndani. Nimekaa nyuma ya ukuta wa jiko nikijua nimempoteza Hilda.

Jumapili, 17 Agosti

Hilda amekuja! Wazee walikaa jana jioni kutoa hukumu.

Remmy kamgusa mama mkwe hadharani. Kapigwa faini ya mbuzi mweupe. Remmy!

Mimi je? Mama Kunegunda kasema katika wakwe zake wote, mmoja tu ana malezi. Hata dunia ilipopinduka, kijana alisimama mikono nyuma, macho chini, akaamkia. Sikuona haja ya kueleza kuhusu ule mpira kwenye majani. Ndoa itaanza kutangazwa Jumapili ijayo! Hilda alicheka huku analia, nami nikalia, safari hii kwa macho yote mawili.

Sharti ni moja. Harusini Mama hataki kumwona farasi. Nimekubali, mikono nyuma, macho chini.

Jioni Abdulhamid aliomba Kanali kidogo. Kashona mkanda wa ngozi. Akafunga, akavuta sigara moja, akakaza tena. Akaenda Bombambili na kurudi, tandiko halikutikisika. Nilimtazama kwa makini sana, nami nimeshaelewa tatizo lilikuwa wapi. Mgongo wa farasi ni laini. Kosa ni la umbo lake. Panahitajika mnyama mwenye kitu cha kuzuia tandiko lisiondoke.

Dereva wa Fuso anasema upande wa Handeni kuna mtu anafuga ngamia. Nundu! Tandiko litapita wapi?

Mama kakataza farasi. Ngamia hakumtaja. Nimemwambia dereva aulize kama huyo mtu atakubali kubadilishana na Kanali. Mipira ya kufungia isimpe shida, nimeiokota. Ile iliyokatika nimeunga mafundo.