Mama Hali

Jumatatu, 4 Machi

Dada, nilikuahidi nitakuandikia kila kitu, na kila kitu nitakiandika, hata yale ya kunivunjia heshima. Kurasa hizi nitazitia kwenye bahasha ukifika mwisho wa juma.

Habari kubwa: Mama hali! Anawapikia wagonjwa wa hospitali nzima, masufuria ya kuingia mtu mzima, halafu akifika nyumbani anakunywa chai kavu na kulala. Leo nimemkuta akisogeza kifungo cha sketi. Ni mara ya pili tangu uende chuoni. Ati kitambaa kimelegea. Kitambaa!

Basi nimeamua. Mama atakula. Mezani, tena sahani nzima. Mwalimu wa sayansi kimu ametufundisha kwamba harufu nzuri huamsha hamu ya kula. Nimepigia mstari kwa kalamu nyekundu. Nilipomweleza Bibi mpango wangu, alisema hamu yake yeye iko macho tangu asubuhi, haihitaji mwalimu.

Jumanne, 5 Machi

Maharage, karoti na kabichi, mboga zote zimetoka shambani leo. Vitunguu nilikaanga vingi, nikapepea mvuke kwa mfuniko mpaka ngazini. Harufu ilimpokea Mama vizuri sana. Alisimama, akafunika pua kwa mtandio, akasema, "Pole na kazi, mwanangu," akapitiliza hadi kibarazani.

Nilimfuata na sahani. Alikula vijiko viwili kwa ajili yangu. Nilijua kwa jinsi alivyomeza. Bibi alimalizia vingine, akauliza kama na kesho kuna jaribio.

Sababu ya kushindwa: harufu haikutosha.

Jumatano, 6 Machi

Bingwa (yule ninayekaa naye dawati moja, mwenye cheti cha mapishi alichokitembeza shule nzima) aliniuliza mbona sweta langu linanuka mchuzi. Nikajikuta nimemsimulia. Akacheka! Akasema kwao mama yake hula mpaka analamba mwiko, na siri ni kitunguu saumu na tangawizi. Sikumshukuru. Lakini nilivitia. Vingi.

Jirani wa chini alipanda kuuliza kama tuna wageni. Mama alikaa kibarazani na mbu, hakuingia. Nikashindwa kuvumilia, nikamuuliza kama chakula changu ni kibaya. Akanivuta, akanikumbatia. Akasema chakula changu ni kizuri sana, ila yeye ananusa vitunguu tangu alfajiri, mpaka nywele zake zinanuka jiko.

Nikazinusa. Kweli! Maskini Mama. Lazima nimtafutie sabuni nzuri.

Alhamisi, 7 Machi

Balaa! Samaki nimeshamtia chumvi, mafuta yako kwenye kikaango, gesi ikazimika. Duka limefungwa. Nilikaa sakafuni nikalia kidogo. Kidogo tu. Bibi akachungulia. "Mke mwenzangu, unalilia jiko? Kisu hakitumii gesi."

Nikakata vilivyokuwepo. Matango, nyanya, parachichi, ndimu juu yake, mayai yaliyochemshwa asubuhi, mkate. Hakuna kilichonukia hata kidogo. Aibu tupu! Nilimshukuru Mungu Bingwa hajui kwetu.

Mama akaingia. Akasimama katikati ya chumba, akavuta pumzi ndefu, akauliza mbona leo kumetulia hivi. Nikaomba radhi. Hakunisikia, alikuwa anavua viatu.

Dada, alikula! Alianza na tango, kisha yai, kisha akakamua ndimu nyingine kwa mkono wake. Alifuta sahani kwa mkate. Bibi aliponyoosha mkono kwenye parachichi la mwisho, Mama akamwambia alisogeze huku. Bibi akasema, "Haa! Kumbe mwenye nyumba amerudi!" Mama akacheka kile kicheko chake unachokijua, kinachoishia kwenye kikohozi.

Halafu akaweka miguu yake mapajani mwangu akanisimulia habari za mzee mmoja wodini, anayerudisha sahani akiwa amepanga maganda ya chungwa kama uso unaotabasamu, ili mpishi apate kuuona. Miguu ilikuwa imevimba. Niliikanda taratibu, sikutaka ainuke.

Jumamosi, 9 Machi

Gesi imeletwa! Nimefikiri sana kwa nini Mama alikula Alhamisi, na jibu ni moja: huruma. Alinikuta sina moto, akajilazimisha kula vitu vibichi ili nisihuzunike. Mama yetu ana moyo! Jana alirudi na matango mengine mwenyewe, kwenye mkoba wake wa kazini, akayala akiwa amesimama. Bado ananihurumia.

Sasa piga hesabu, Dada. Kama huruma peke yake imemaliza sahani nzima, huruma pamoja na harufu je? Bibi alitaka kuniambia jambo kuhusu pua ya Mama. Nikamwomba asubiri, nilikuwa namenya vitunguu.

Jumapili ya tarehe 17 Mama hana zamu, atashinda nyumbani kutwa. Nitakaanga samaki, vitunguu, kitunguu saumu, vyote kwa pamoja. Kuna jambo moja tu linanisumbua, na Bingwa simuulizi ng'o. Tafadhali nijibu siku hiyo hiyo utakayopata barua: nikianza kukaanga asubuhi, nifunge madirisha yote ili harufu isitupotee, au niyafunge yote isipokuwa la chumbani kwa Mama, ili harufu yote ipitie kwake ikitoka?