Namba Tasa kwa Baba Mkwe

Jumatatu, 3 Machi
Nimepata dawa ya baba mkwe! Mtarajiwa, yaani. Mzee kafundisha hesabu mpaka kastaafu, na anapenda namba kuliko wageni. Miwani, yule mfamasia anayemmendea binti yake kama ninavyommendea mimi, kampelekea saa ya ukutani. Saa! Mimi, mchora mabango, nitampelekea namba tasa, ile isiyogawanyika ila kwa moja na kwa yenyewe. Kubwa. Rangi nyekundu.

Jumanne, 4 Machi
Nimeipata: 1,000,001. Ukiisoma mbele, ukiisoma nyuma, ni ileile. Nimeigawa kwa mbili, kwa tatu, nikajikokota hadi tisini na saba. Kila mara linabaki baki. Kidole kimevimba. Basi, ni tasa. Nani mwenye akili timamu atavuka mia?

Jumatano, 5 Machi
Ubao tayari, mrefu kama mlango. Mama mkwe kanifungulia, binti yuko nyuma yake. Nikatangaza kwa bashasha kwamba nimewaletea tasa. Mama akauliza nani huyo tasa. Nikaapa nimehakikisha mwenyewe. Lo! Kumbe kadhani namsema binti yake. Nimeeleza hesabu nikiwa nje, mlango umefungwa.

Alhamisi, 6 Machi
Ushindi! Mzee alisikia hesabu yangu kupitia mlango, kautundika ubao sebuleni, saa ya Miwani imehamia jikoni. Kaniita mwanangu. Kasema Jumamosi nije na wazee wangu, tuzungumze posa. Miwani alikuwepo. Kanywa chai yake kama dawa.

Jumamosi, 8 Machi
Siku mbaya. Mjomba hata hajakaa vizuri, Miwani akauliza, kwa adabu ya kuudhi, kama kuna aliyejaribu mia moja na moja. Mzee akachukua penseli. Mia moja na moja mara 9,901. Baki? Hakuna! Mzee hakufoka, ningeshukuru angefoka. Aligeuza ubao ukatazama ukuta. Posa imeahirishwa. Mjomba akauliza kama chakula nacho kimeahirishwa.
Binti kanisindikiza getini, anacheka mpaka kashika nguzo.
“Ungeniuliza mimi,” kasema. “Niliigawa Alhamisi ileile.”
“Sasa mbona ulinyamaza?”
“Ulikuwa umefurahi mno.”
Sikujua nicheke au nilie. Nikafanya vyote.

Jumapili, 9 Machi
Binti katuma ujumbe. Anasema baba yake hana kinyongo, niende mikono mitupu nimwombe radhi, yaishe. Na namba niachane nazo kabisa. Ana huruma, masikini, ila mbinu hana.
Kosa langu nimeshaligundua: namba ilikuwa ndogo! Ubao mpya unakauka uani: 1,000,000,001. Nimeigawa kwa mbili, ikakataa. Kwa tatu, ikakataa. Kwa tano, ikakataa katakata! Saba nimeiruka. Saba ni namba ya bahati, haiwezi kunifanyia ubaya.