Shingo Iliyotazama Msikitini

Jumanne, 25 Juni, Newala
Mabomba makavu tena. Pili, binti wa wifi yangu Stamili, anatoka unyagoni Jumamosi. Ijumaa wanawake wote wa ukoo watateka maji bondeni na kuyapandisha mlimani kwa ndoo kichwani. Nimemwahidi Pili kwamba nitacheza ngoma ubavuni mwake, mstari wa mbele. Mlima na ngoma havikai katika mwili mmoja, ndivyo nidhanivyo. Nafundisha baiolojia. Shingo itanitetea.

Jumatano, 26 Juni
Nimeamka shingo "imekaza". Kazi safi! Kuna msuli ushukao kutoka nyuma ya sikio hadi kidarini na kwenye mtulinga. Wa kulia ukijikunja, kichwa hulalia bega la kulia, uso hugeukia kushoto, kidevu hupanda. Nimeyatekeleza yote, mkekani kwa mama mkwe. Stamili alinipa pole, akasema nipumzike. Mama mkwe alinikanda kwa kitambaa cha moto, kwa nguvu zaidi kuliko huruma. Nikavumilia.

Alhamisi, 27 Juni
Asubuhi nilijinoa mbele ya kioo, nikifuata mchoro wa kitabuni. Kosa! Mtu wa mchoroni anakutazama. Kulia kwake ni kushoto kwa kioo, nami nikapinda upande wa pili. Nikaenda kukaa mkekani palepale. Stamili akanitazama kwa utulivu. Akasema, "Wifi, jana shingo yako ilitazama msikitini, leo inatazama sokoni. Imekaza au inatembea?" Jirani yetu Veridiana alicheka hadi akamwaga uji. Nikaeleza kwamba maumivu yaweza kuhama. Hoja haikuwa dhaifu sana. Nikapewa ndoo kubwa kuliko zote.

Ijumaa, 28 Juni
Bondeni. Misuli ya kisogo, na ule mpana ushukao mabegani, hukua pamoja na ndoo tangu utotoni. Yangu imekulia maktabani. Stamili alipanda akiimba, mikono ikining'inia. Mimi nilishika ndoo kwa mikono miwili na bado nikaoga. Jioni kitu kikavuta chini ya sikio la kulia. Nikacheka. Kisha sikucheka.

Jumamosi, 29 Juni
Imekaza. Kweli! Stamili akauliza kama ni ile ya msikitini au ya sokoni. Nikaapa. Veridiana akanisihi nisimsumbue Mungu siku ya shughuli. Ngoma ikapita kuliani kwangu. Nikasikia vigelegele, nikaona ukuta. Pili peke yake ndiye aliyetoka mstarini, akazunguka hadi kushoto kwangu, akacheza hapo kidogo. Akauliza, "Anti, unaniona?" Nilitaka kuitikia kwa kichwa. Kichwa kikakataa.

Jumapili, 30 Juni
Nimetafakari bila kujipendelea. Huenda nakosea, lakini sioni kwamba kosa lilikuwa uongo. Kosa lilikuwa kuchagua kiungo chenye kulia na kushoto. Veridiana anamwoza binti yake mwezi ujao, na maji hayatakuwa yamerudi. Kiuno hakitazami msikiti wala soko. Leo nimeanza kuinama kidogo, ili watu wazoee.