Kidevu cha Mpingo

Jumatatu, 1 Machi 1954. Temeke.
Nimejitazama tena kiooni. Kidevu sina. Mdomo ukiisha, shingo inaanza! Na Jumapili nakwenda kumposa Filomena kwa bibi yake, anayewasili wiki hii. Mwenyewe, bila mshenga. Mshenga niliyempata ana kidevu kizuri mno. Benedikto wa posta naye anapanyemelea pale, na cha kwake kinatosha watu wawili. Nimesikia mjini yupo daktari wa mataya. Nitasingizia jino.

Jumatano, 3 Machi.
Mungu mkubwa! Nilipokiri shida yangu daktari alicheka, kisha akanieleza. Kidevu cha bandia huweza kuingizwa kwa ndani ya mdomo, kati ya ufizi na mdomo wa chini. Kovu halionekani, ila mdomoni mna vijidudu, kidonda huweza kuoza. Au achanje chini ya kidevu: safi zaidi, lakini kovu hubaki, na kwa wengine huvimba likawa donge. Akamwita Bi Chausiku, aliyevunjwa taya na lori. Mama wa watu akainua uso. Kovu jembamba kama uzi! Nilivua kofia. Daktari akasema mtu mzima wa afya hamkati ng'o. Jino langu limenusurika chupuchupu.

Ijumaa, 5 Machi.
Akili ni mali! Njia ya ndani haihitaji hata kisu. Anselmo, Mmakonde mchonga vinyago, amenichongea kidevu cha mpingo cha kubana nyuma ya mdomo wa chini. Akauliza kama nataka ndonya, kile kipande cha mti wanachovaa bibi za kwao kwenye mdomo wa juu. Nikamwambia aache utani. Kioo chenyewe kimeniamkia!

Jumapili, 7 Machi.
Bibi yake Filomena katoka Newala juzi. Ana ndonya, na uso wote umechanjwa chale. Niliduwaa. Mistari ile, yote sawasawa, daktari gani angeiweza? Nikajikaza kusema shikamoo. Kidevu kikachomoka, kikatua kwenye bakuli la kisamvu!

Bibi akakiokota, akauliza tangu lini mwanamume akavaa ndonya, tena ya chini. Filomena alicheka hadi machozi. Kisha akasema bibi yake alipakwa mkaa kwenye kidonda ili kovu lionekane, na mimi nahangaika kuficha kovu nisilo nalo.

“Mie nakungoja wewe, Adelard, na kidevu hichohicho. Sema neno mbele ya bibi, yaishe.”

Moyo uliniruka kwa furaha! Nimemwomba asubiri hadi Jumapili ijayo. Kosa nimeliona: mpingo ni mzito. Anselmo anachonga kingine, cha mninga.

Njiani nimepishana na Benedikto, anaelekea kwa kina Filomena mikono mitupu. Maskini, hana mpango wowote.